Korongo Wetu Askofu

Kozi ya Walimu,
Kakamega.
8 Aprili 1975

Mama yangu Zilpa,

Nimefika, nimekula, na nimeshaanza kununa. Tumelazwa bwenini kama wasichana wa shule, mimi kitanda cha juu, na mchana kutwa tunafundishwa namna ya kushika chaki. Mimi niliyeshika chaki Amukura miaka yote hii! Lakini cheti ni cheti, acha nivumilie mpaka mwisho wa Mei.

Nina ombi. Siku ya soko ukipeleka simsim yako Malaba, pita kwangu. Usiingie, najua huwezi kuingia. Tangu baba mkwe afariki, hakuna mtu wa upande wao aliyekumbuka kuja na blanketi kukufungulia mlango kimila, na mlango wa mkwe mama hajifungulii. Simama tu nje ya ua, pale minyaa ilipokonda, uchungulie. Nataka jicho lako kwa Askofu.

Utasema, mwanamke mzima kasafiri anawaza ndege. Sema tu. Lakini unajua alivyokuja. Mtoto wangu Anyait alipotuacha, maziwa yalikuwa bado yananitoka. Nilikaa nikitazama ukuta. Watu walikuja wakasema Mungu ametoa, Mungu ametwaa, wakanywa chai, wakaenda zao. Mume wangu Oluka alishinda zamuni. Siku moja akarudi kutoka stesheni ameshika kofia yake ya kazi kwa mikono miwili, na ndani yake kifaranga cha korongo. Wakata matete walikikuta kinamasini kimeachwa. Akaniwekea mapajani, akatoka nje. Mama, kile kifaranga kilikuwa na njaa, nikainuka kukitafutia panzi. Ndivyo nilivyoinuka.

Sasa ni ndege mzima, na taji lake la dhahabu, anatembea uani polepole akigeuza kichwa huku na huku, unadhani atatubariki. Ndiyo maana tukamwita Askofu. Majirani wanatucheka eti tumefuga bendera ya Uganda. Kabla ya kusafiri nilimpunguza manyoya ya bawa moja kwa makasi, asije akavuka mto akatuacha. Na Oluka unamjua, mtu mzuri, lakini anaweza kusahau kichwa chake stesheni. Kwa hiyo chungulia, uniandikie ukweli.

Mwanao anayekukumbuka,
Euphrasia


S.L.P. Malaba
15 Aprili 1975

Kwa mke wangu Euphrasia,

Natumaini barua hii itakukuta katika afya njema. Mimi ni mzima, isipokuwa ugali wangu unaungua chini na juu bado ni mbichi.

Kuhusu Askofu, naomba kutoa taarifa kwamba anakula vizuri, mahindi asubuhi, na panzi ninamtafutia mwenyewe nikitoka zamu. Treni ya mizigo ikipiga honi, anafungua mabawa, moja refu na moja fupi, anaanza kuruka-ruka na kuinamisha kichwa. Jana alicheza peke yake kwa muda mrefu, nikaona ni vibaya kumwacha hivyo, nikacheza naye kidogo. Tafadhali usimwambie mtu yeyote.

Mganda mmoja wa matoke alimwona akasimama akavua kofia. Akasema kwao anaitwa ngaali, na akaniomba nimpe ampeleke kwao. Nikamwambia, boss, omba kitu kingine.

Mvua ni nyingi. Mto umejaa, kinamasi kimesogea karibu na reli, na watu wanasema wanyama wa huko wamepanda juu kutafuta pakavu. Nimeziba ua wote wa nyuma. Upande wa barabara bado, nitauziba nikipata nafasi.

Nyumba ni kubwa sana bila wewe.

Mumeo,
Oluka


Bukhayo
21 Aprili 1975

Mwanangu Euphrasia,

Keti kwanza. Kama umesimama, keti.

Nilikwenda Malaba kama ulivyoniomba. Nikauza simsim, nikabakisha kibuyu kimoja nikuachie pale uani. Nilifika kwako alasiri, mawingu meusi yamekaa upande wa Tororo. Mlango umefungwa, hakuna moshi, nikajua mkwe yuko kazini. Nikachungulia pale uliponiambia. Askofu alikuwa katikati ya uwanja anadonoa. Nikamwambia, Baba Askofu, habari za jimbo? Akainua shingo akanitazama. Euphrasia, ni mzuri yule ndege. Nilikuwa nakusema moyoni, nikakoma kukusema siku hiyo.

Halafu nikaona majani yanatikisika karibu na jiko. Nikadhani paka wa jirani. Kumbe ni mondo, yule paka mrefu wa madoa wa kinamasini, masikio makubwa, anatambaa tumbo likigusa chini.  Mdomo wangu ulitaka kuita jina la mumeo, labda amelala ndani, labda yuko kwa jirani. Nakuapia, jina lilifika kwenye meno. Lakini mama gani anamwita mkwe kwa jina? Nikapiga hodi. Hodi! Wenyewe! Hodi huko! Kama mgeni wa chai, mwanangu. Na mvua nayo ikaanza kupiga mabati, sauti yangu ikapotelea humo.

Nilitupa kiatu. Nikatupa cha pili. Nikatupa kibuyu cha simsim kikapasukia kwenye jiwe, yule mnyama hata hakugeuka. Mguu wangu mmoja ulikuwa umeshapita ndani ya ua. Hapo nikakumbuka tulivyoambiwa na mama zetu, kwamba mama akivunja mlango wa mkwe, tumbo la binti linafunga. Na wewe tayari umezika mmoja. Nikaurudisha mguu nyuma.

Askofu alijaribu kuruka. Bawa moja likamwinua, lingine likakataa, akazunguka pale pale alipo. Mondo akamshika shingo. Sitakueleza zaidi. Umeniambia nikuandikie ukweli na ukweli ndio huo.

Nililia pale mlangoni kama mtu aliyefiwa, nikapanda basi bila viatu. Nakuomba, usimwambie mkwe kwamba nilikuja. Kulia mlangoni kwa mkwe wakati hakuna maiti ni kumwitia maiti. Sijui ni nini kilinipata.

Pole, mama. Pole sana.

Ni mimi,
Mama yako Zilpa


S.L.P. Malaba
22 Aprili 1975

Kwa mke wangu Euphrasia,

Naandika kukuarifu jambo ambalo si baya sana ukilitazama vizuri. Askofu ameondoka. Bawa lake lilikuwa limeota bila sisi kujua. Juzi mvua ilipoisha alipanda juu ya paa, akazunguka nyumba mara kadhaa kama mtu anayeaga, akavuka mto kuelekea Tororo. Alikuwa anapendeza sana kule angani. Nadhani amewakuta wenzake.

Usilie sana. Ndege ni wa Mungu.

Mumeo,
Oluka


Kozi ya Walimu,
Kakamega.
28 Aprili 1975

Oluka,

Barua yako na ya mama zimenifikia siku moja. Nilifungua ya mama kwanza. Nikapiga kelele bwenini, "Askofu ameliwa!" Mwenzangu wa kitanda cha chini, Mkatoliki wa Butula, akapiga ishara ya msalaba akatafuta rozari yake. Wote wakaanza kuuliza ni askofu wa jimbo gani. Nikacheka, nikalia, nikacheka tena, mpaka wakanimwagia maji. Kisha nikafungua ya kwako, nikasoma kwamba alikuwa anapendeza kule angani.

Wewe mwanamume! Bawa gani liliota? Nimelikata mimi mwenyewe kwa makasi yangu, na manyoya hayaoti kama sukumawiki. Mama aliona kila kitu. Alisimama nje ya ua akapiga hodi mpaka sauti ikakauka, akatupa viatu vyake, akatupa simsim. Alinikataza nisikuambie, lakini nakuambia. Mama yangu alirudi Bukhayo miguu mitupu kwa ajili ya ndege wangu, na wewe unaniandikia hadithi za watoto.

Siku ya soko huwa una zamu ya asubuhi. Alasiri huwa uko nyumbani. Ulikuwa wapi? Uliketi kwenye pombe ya busaa na wale wapakia mizigo? Niambie tu ulikuwa wapi. Anyait alipoanza kushikwa na homa pia nilituma mtu kukutafuta, na ulikuwa stesheni. Kila kitu changu kinapokufa wewe haupo.

Sikutaka kuandika hayo, lakini wino umeshakauka na sifuti.

Kozi ikiisha sitashuka Malaba. Nakwenda Bukhayo kwa mama, na usinifuate.

Euphrasia


Malaba
3 Mei 1975

Euphrasia,

Nilikuwepo.

Nilitoka zamu nimeloa jasho na mafuta ya taa, pipa lilikuwa limevuja kwenye behewa. Nikafunga mlango wa mbele, nikaenda bafuni nyuma ya nyumba na karai la maji. Nguo chafu nilizitia kwenye ndoo, na taulo, unanijua, nililisahau kitandani. Nilikuwa nimejipaka sabuni mwili mzima niliposikia hodi. Nikaijua sauti. Mama mkwe! Na mimi niko uchi kama nilivyozaliwa, na yale mabati ya bafu yana matundu, wewe mwenyewe umeyalalamikia. Nikachuchumaa. Nikasema moyoni, akiona kimya ataenda zake, jioni nitamtumia salamu na kuomba radhi.

Hakuenda. Aliita tena na tena. Mvua ikaanza, nikawa nasikia sauti tu, maneno siyasikii. Nikadhani amekasirika kwamba hakuna wa kumpokea. Ndivyo nilivyozidi kujikunja. Sabuni iliniingia machoni na sikuthubutu kuchota maji, asije akasikia karai.

Halafu akaanza kulia. Euphrasia, mara ya mwisho kumsikia mama akilia nje ya ua wetu ilikuwa siku ya Anyait. Ni kilio kile kile. Nikafikiri amepita sokoni, akaiona nyumba, akamkumbuka mjukuu wake. Ningetokaje? Ningemwambia nini, na hata wewe sijawahi kukuambia neno juu ya Anyait? Nikalia na mimi mle bafuni. Yeye nje, mimi ndani. Kwa mara ya kwanza tangu tumzike nililia mpaka nikaishiwa. Niliona hata ni vizuri, kwamba leo kuna mtu tunalia naye.

Kumbe alikuwa ananiita nimwokoe Askofu.

Alipoondoka nilitoka, nikakuta manyoya na damu inasafishwa na mvua, na viatu vya mwanamke kwenye matope. Nikaelewa nusu tu. Hiyo nusu nyingine nimeielewa leo kwenye barua yako. Viatu nimeviosha, viko hapa. Manyoya nimeyazika. Nilikudanganya kwa sababu niliwaza utakavyokuwa ukitazama ukuta tena, na safari hii sina cha kukuletea kwenye kofia.

Nenda Bukhayo ukitaka, siwezi kukuzuia. Ila nakuomba kwa jina la Mungu, usimwambie mama nilikuwa bafuni. Nitamtazamaje?

Oluka


Kozi ya Walimu,
Kakamega.
9 Mei 1975

Mama,

Ulinikataza nisimwambie Oluka, nikamwambia. Yeye kanikataza nisikuambie, nami nakuambia. Alikuwepo nyumbani. Alikuwa bafuni, uchi, amejaa sabuni, na alipokusikia akajificha kwa heshima yako. Wewe ukasimama nje kwa heshima yake. Askofu akafa katikati yenu, na kila mmoja wenu alifanya lile alilofunzwa na wazee wake.

Nimekaa na barua hizi mbili siku kadhaa. Namtafuta wa kumkasirikia, simpati. Nikimshika Oluka, nakuta mtu anayelia kwenye karai. Nikikushika wewe, nakuta miguu mitupu. Nikijishika mwenyewe ndiyo mbaya zaidi, maana makasi yalikuwa yangu. Angekuwa na mabawa yake mawili, angepanda juu ya paa na kumcheka yule mnyama. Nilimkata asiniache. Mtu akishafiwa na mmoja, anamshika wa pili mpaka anamvunja. Usiku nafumba macho namwona anazunguka pale pale.

Oluka anasema alipokusikia unalia alidhani unamlilia Anyait. Hapo ndipo nilipovunjika, mama. Kwa sababu siku ile mimi pia nilikusikia. Nilikuwa kitandani, mtoto bado yuko mikononi mwangu, hawajamchukua, na nikasikia sauti yako nje ya ua. Nikamwambia yule jirani, mama yangu amekuja. Akasema ndiyo, lakini haingii. Nikakungoja. Nilijua huwezi, lakini nikakungoja. Walimchukua mtoto, wakanawa mikono, na wewe ulikuwa barabarani umejifunika kanga, na mimi nilikuwa na maziwa kifuani na hakuna aliyenishika. Sijawahi kukuambia. Nilikuwa naona ni kukukosea adabu.

Mnasema ukiingia tumbo langu litafunga. Mama, ukibaki nje je? Hukuingia, na Anyait alikufa. Hukuingia, na Askofu ameliwa. Ni nini tena tunachokilinda pale mlangoni?

Nimechoka na heshima. Namwandikia Oluka maneno haya haya. Sijui kama nitakwenda Malaba au Bukhayo. Pote naona nitakuta nusu ya watu wangu.

Euphrasia


Malaba, nyumbani kwako
20 Mei 1975

Mwanangu Euphrasia,

Umeona nilipoandikia. Usishtuke, tulia usome.

Barua yako niliisoma nikaiweka chini ya godoro. Mwanzoni, Mungu anisamehe, nilicheka. Nilimwona mkwe wangu, mtu wa stesheni na vifungo vyake vya shaba, amechuchumaa na sabuni masikioni akinikimbia mimi kikongwe. Kisha nikafika kwenye ile siku, ulipokuwa ukiningoja. Sikucheka tena. Sikula siku hiyo wala kesho yake.

Ngoja nikuambie kitu. Siku ile sikuwa nimesimama tu barabarani. Nilishika ule ua mpaka utomvu wa minyaa ukaniunguza viganja. Wanawake wawili walinishika kiuno. Nilijiambia, Zilpa, usiingie, mlindie mtoto wako wale watakaokuja. Nilidhani ndiyo kukupenda.

Basi, mume wako alipopata barua yako alikwenda Amukura kwa baba yake mdogo, akaomba nifunguliwe mlango. Akaambiwa angoje mavuno, mambo ya mlango hayaharakishwi. Yeye hakungoja. Jumamosi namwona amesimama nje ya boma langu, mvua inamnyeshea, amevaa sare ya kazi mpaka kifungo cha shingoni, blanketi jipya mkononi na viatu vyangu juu ya blanketi. Ametazama pembeni. Akasema, "Mama, mimi ndiye niliyekuwa bafuni." Watu wote wa boma wakasikia! Nikamwambia, "Na mimi ndiye niliyekuwa nje."  Tukaenda kupanda basi, yeye akakaa mbele na mimi nyuma kabisa, adabu kidogo bado ipo.

Tulipofika alitandika blanketi mlangoni mwa ua, nikalikanyaga nikapita.  Nikasema kwa sauti, kama kuna laana, na inifuate mimi, nimeshazaa nikamaliza.

Akanipeleka nyuma ya jiko kunionyesha alipozika manyoya. Nikampa pole. Kisha nikamwambia, sasa nionyeshe mtoto.

Alinitazama kwa mara ya kwanza, machoni kabisa, akasahau kwamba mimi ni mkwe. Akatangulia. Kumbe ni pale kando ya nyumba, chini ya dirisha lenu. Majani yalikuwa yameota. Akasema wewe ndiye unayepalilia, na tangu uende yeye hajaweza. Nikapiga magoti tukang'oa pamoja, yeye upande wake na mimi upande wangu. 

Nimekaa hapa siku hizi zote. Nalala jikoni, mkwe analala kwake, ugali napika mimi maana wake hauliki. Kozi yako ikiisha, shuka Malaba. Usiende Bukhayo, hakuna mtu kule, mimi niko huku. Utakapofika nitakushika, nimechelewa, lakini nitakushika.

Mwanangu, mwaka mzima na zaidi nimekuwa nikilifikiria lile kaburi nikiwa mbali, na kila nikilifikiria naliona kubwa, kama makaburi tunayoyajua. Leo asubuhi nimeketi kando yake tena, nikaweka mkono wangu juu yake, na mkono ukakaribia kulifunika. Sikujua lilikuwa dogo hivyo.

Mama yako,
Zilpa Nerima